Mdudu Haruki Ukurasa

Jumatatu ile Maswali alirudi kutoka shule bila swali hata moja, na hapo ndipo mama yake mkubwa alipojua kuna jambo.

Siku zote swali lilitangulia, mwenyewe akafuata. Angekuwa bado yuko kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, tayari anataka kujua kwa nini mende hula gundi ya unga na kuiacha ya mifupa, au nani aliyeamua kwamba kitabu kifunguke upande huu na si ule. Alifika nyumba ile akiwa na miaka minne, baada ya mama yake kufariki, na dada wa marehemu akampokea akamfanya wake. Jina la Maswali alilipata wiki ya kwanza. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba na halijamtoka.

Lakini siku ile alivua viatu vyote viwili, akavipanga vizuri kama vya mgeni, akasema, "Shikamoo, Mama Mkubwa," akapita.

"Marahaba, mwanangu," akajibiwa, na uzi ukaendelea kupita kwenye nta.

Mama Mkubwa huyo, ambaye mji mzima ulimwita Mama Gundi, hakuwa mtu wa kumwandama mwenye maumivu kwa maneno. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha pana, meza ndefu iliyopakwa gundi mpaka ikawa na ngozi yake yenyewe, na kibanio cha mbao chenye skrubu mbili kilichofika pale kabla ya umeme. Hakuna aliyemfundisha. Alipokuwa msichana wa kufagia ofisi aliokota kitabu kilichotupwa, akakifumua uzi mmoja baada ya mwingine ili aone kilivyoshikana, kisha akakishona tena. Akakifumua tena, akakishona. Mara ya sita kikakubali kufunguka bila kulia. Kusoma nako alijifunza namna hiyohiyo, ukubwani, kidogo kidogo, kwa maneno yaliyopita mbele yake mezani. Kwa hiyo alikuwa amesoma vitabu vingi sana, karibu vyote kwa vipande: mwisho wa hiki, katikati ya kile, harusi isiyo na uchumba, msiba usio na ugonjwa.

Hakumwita binti. Alikoroga gundi, akapanga mikunjo, yale mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja ambayo hushonwa yakawa kitabu, akangoja. Kabla jua halijahama dirishani, Maswali alitokea mlangoni na karatasi mkononi, akaiweka mezani pale pasipo na gundi.

Ilikuwa insha yake ya uchambuzi. Juu kulikuwa na alama nne kwa ishirini, na chini ya hapo, kwa wino mwekundu na mwandiko mzuri, maneno matatu ya kukata na mengine ya kufafanua: *Hukusoma kitabu hiki. Umeokota maneno ya watu na kuyapanga utakavyo. Nukuu hazina namba za kurasa.*

Mama Gundi aliyasoma mara mbili. Alijua uzito wake. Mwalimu wa fasihi, ambaye wanafunzi walimwita Nukta kwa sababu aliweza kukurudishia kurasa tano kwa kosa la nukta moja, alikuwa anachagua kumi na wawili wa kuendelea na fasihi ya juu. Alikuwa ametangaza kwamba insha hii ndiyo itakayoamua, na orodha itabandikwa Ijumaa. Maswali hakuwahi kutaka kitu kingine. Wasichana wenzake walipokuwa wakihesabu siku za likizo, yeye alikuwa akihesabu siku za orodha ile.

"Ulisoma?" Mama Gundi akauliza.

"Mara tatu."

"Ukamwambia?"

"Nilimpelekea kitabu nimwonyeshe. Akasema amekifundisha miaka kumi na minne, hahitaji kuonyeshwa." Binti alikwangua tone la gundi lililokauka mezani. "Halafu akasema, 'Ninyi mmezoea kusimuliwa. Kusoma ni kazi nyingine.' Nilikuwa peke yangu mbele yake, Mama Mkubwa. Nikageuka nyuma niangalie kama kuna mwingine."

Hapakuwa na haja ya kuulizana ninyi ni akina nani. Mji ule ulikatwa na reli, na watu walikatwa nayo. Upande mmoja waliishi wa rangi ya maji ya kunde, wenye nyumba za zamani na majina kwenye mbao za shule. Upande mwingine, wa akina Mama Gundi, waliishi weusi wa kung'aa, wajukuu wa watu walioletwa kutoka mbali kuitandika reli yenyewe, nao mpaka leo waliulizwa wanatoka wapi na watu waliozaliwa jirani nao. Hakuna aliyerusha mawe. Ilikuwa ni neno hapa, jicho pale, foleni inayoanza upya ukifika dirishani.

Mama Gundi alimeza lile neno kama mtu anavyomeza kidonge bila maji. Hakusema mwalimu ni mtu mbaya. Aliuliza tu, "Uliandika nini?"

Basi Maswali akakaa kwenye kigoda, akamweleza, na akielezea sauti yake ikaanza kurudi.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani, cha nchi ya mbali, kilichosomwa shuleni kizazi baada ya kizazi. Kinasimuliwa na mwanamke anayekumbuka alipokuwa mtoto wa miaka tisa, binti wa karani wa mahakama. Katika mji wao kuna kisima kimoja kinachonywewa na watu wa rangi mbili, kwa vikombe viwili vilivyoning'inizwa kwenye misumari miwili. Watu wanaanza kuugua kwa maji yale. Anakamatwa mchimba visima, mtu mweusi, mpole, ambaye alizoea kumpa mtoto yule kokoto nzuri alizozitoa chini ya ardhi. Ushahidi ni mmoja: ndiye wa mwisho kushuka kisimani. Anahukumiwa, anapelekwa machimbo ya mawe, harudi. Na kuna sura moja ambamo mtoto, alfajiri, anamwona mjomba wake mwenyewe, mwenye karakana ya ngozi, akimwaga mapipa ya dawa ya kulainishia ngozi kwenye mfereji unaoteremkia kisimani.

"Kila mtu husema ni kitabu cha mtoto asiyejua ubaya wa dunia," Maswali alisema. "Mimi nikaandika kwamba anajua. Ameyaona mapipa kabla ya kesi. Halafu anakaa mahakamani siku tatu, miguu inaning'inia haifiki sakafuni, anasikiliza, ananyamaza. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Amejifunza tu kwa kutazama, kama mtoto anavyojifunza kula. Nikaandika kwamba hapo ndipo utoto wake unapoishia, kwenye lile benchi, na yeye mwenyewe hana habari."

Mama Gundi alitazama insha, akamtazama binti. Hakuwa na shahada ya kumwambia kwamba ni nzuri. Aliijua nzuri kama alivyoujua uzi imara, kwa kuuvuta. Aliuvuta huu kichwani mwake, haukukatika.

"Niachie hicho kitabu," akasema.

Jumanne aliweka kazi nyingine zote kando, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, akakisoma kitabu kuanzia mwanzo, dirishani, akifuata mistari kwa kijiti cha mfupa alichokitumia kukunjia karatasi. Hiki kilikuwa kitabu cha kwanza maishani mwake kukisoma kwa mfululizo. Saa tisa alasiri alifika kwenye mapipa. Saa kumi akafika kwenye hukumu. Mapipa yalikuwa mbele, hukumu nyuma yake, kama binti alivyosema. Nukuu zote zilikuwamo. Namba za kurasa hazikuwamo, na hilo nalo halikuwa kosa la mtoto: mtu fulani, zamani, alikipunguza kitabu kile kwa mashine ya kukatia na kisu kikazila namba zote chini.

Mtu mwingine angevaa kanga yake saa ileile akaenda shuleni kugombana. Mama Gundi alikaa. Aliwaza hivi: mwalimu amekifundisha miaka kumi na minne, na si mlevi. Mtoto amekisoma mara tatu, na si mwongo. Watu wawili wenye macho mazima wametazama kitu kimoja wakaona viwili. Basi huenda si kitu kimoja.

Akakigeuza kitabu, akakifungua katikati ya mkunjo kutazama mshono. Uzi ulikuwa wa buluu.

Uzi wa buluu aliutumia mara moja tu, mwaka uliopita, mweupe ulipomwishia katikati ya vitabu arobaini vya shule ile. Akakikumbuka. Kilikuja ndani ya mfuko wa plastiki, mgongo umekatika, kurasa zimechanganyika kama karata.

Naye alikuwa na utaratibu wake, aliojibunia na kuuamini kuliko saa. Kabla ya kufumua kitabu chochote alichora mstari wa penseli wa mshazari kwenye mgongo wake, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Kitabu kikifumuliwa, kila mkunjo unabaki na kidoa kidogo cha penseli, na wakati wa kupanga vidoa vinashuka kama ngazi. Ngazi ikivunjika, mkunjo umekosewa. Lakini mgongo wa kitabu kile ulikuwa umevunjika kabla haujamfikia. Hapakuwa na mahali pa kuchora. Namba hazikuwapo, na sura za kitabu kile hazikuwa na namba wala vichwa, zilianza kwa kinyota tu. Basi akakipanga kwa kusoma, neno la mwisho la mkunjo huu na neno la kwanza la ule, na akafurahi sana kuona anaweza. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kosa la mtu aliyejifunza kusoma ukubwani: aliamini maneno akasahau karatasi. Maana mikunjo miwili, kila mmoja, ilianza na kinyota na kuishia na nukta, na mtu angeweza kuipanga huu mbele au ule mbele, na hadithi isigombe.

Aliinua kitabu kwenye mwanga. Kwenye ukingo wa nje, mbali na maandishi, palikuwa na tundu dogo la mdudu mla karatasi, duara safi kama la sindano. Alilifuata kutoka jalada la nyuma kuja mbele, ukurasa kwa ukurasa. Tundu lilipita mikunjo yote ya mwisho. Likaingia kwenye mkunjo wa hukumu, likapita karatasi tatu, likakoma. Karatasi tano nzima, hakuna kitu. Kisha, kwenye mkunjo wa mapipa, likaanza tena, likaupitia wote, likakoma ghafla penye mkunjo mwingine usio na doa.

Mdudu hajui kusoma, lakini haruki ukurasa. Alitoboa njia yake moja kwa moja, akachoka akiwa ndani ya hukumu, akaishia hapo. Ukiutoa mkunjo wa mapipa ukauweka baada ya hukumu, njia yake inaungana bila pengo.

Kwa hiyo mwandishi wa kitabu alikuwa amemfanya mtoto aone mapipa baada ya mtu kuhukumiwa, wakati amekwisha kupelekwa machimboni. Aliyemfanya ajue na kunyamaza mahakamani ni Mama Gundi, kwa sindano yake.

Alikaa na jambo hilo mpaka vivuli vikafika kwenye miguu ya meza. Wazo baya lilimjia kwa upole, kama mawazo mabaya yanavyokuja. Angeweza kukifumua sasa hivi. Kazi ya saa mbili. Kitabu kingerudi shuleni kikiwa sawasawa, na hakuna ambaye angejua. Mwezi uleule mwalimu mkuu alikuwa akifikiria kupeleka vitabu vyote kwenye kiwanda cha chapa, kwenye mashine, na aliyemzuia ni mkutubi wa shule, aliyesimama kwenye kikao akasema fundi wetu hajawahi kukosea. Maneno hayo alimletea mwenyewe, anacheka, kama zawadi. Shule ile ilikuwa nusu ya kazi yake.

Lakini kitabu kikishonwa kimya kimya, mwongo atakuwa mtoto, na ushahidi utakuwa umefumuliwa.

Alimwambia Maswali asubuhi ya Jumatano, wakinywa chai. Alimwonyesha tundu, akamwacha alifuate kwa kidole mwenyewe. Binti alifika penye pengo, akarudi nyuma, akafika tena.

"Kwa hiyo nimechambua kitabu kisichokuwapo," akasema.

"Kipo. Nilikishona mimi. Kesho nitamwambia mwalimu."

Maswali alitikisa kichwa. Alisema watamnyang'anya kazi. Alisema fasihi ya juu haijaua mtu kwa kukosekana, anaweza kuchukua jiografia, na kwamba si lazima kila kitu kisemwe. Alisema mengi, kwa haraka, na yote yalikuwa ya mapenzi. Mama Gundi alimwacha amalize, akamwongezea chai.

"Yule mtoto wa kitabuni ana miaka tisa," akasema. "Mimi nina hamsini na tatu."

Alhamisi alivaa gauni la vikao, akakifunga kitabu kwenye kitambaa, akavuka reli. Maktaba ya shule ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya vumbi na nta ya sakafu. Mkutubi, mzee mwembamba aliyekuwa mtani wake wa miaka mingi, alimwona akamwambia kumbe leo Gundi amebanduka, nani atakayeshikilia mji. Alipomwona hacheki aliacha utani, akavuta kiti. Yeye ndiye aliyempa Maswali nakala ile, na alimchagulia kwa upendo: ndiyo ilikuwa na jalada jipya kuliko zote.

Mwalimu Nukta aliitwa. Alikuja na chaki mkononi, mtu nadhifu, wa maji ya kunde, mwenye uso wa uchovu kuliko ukali. Mama Gundi alisimama kumsalimia, na akasema kabla hajapoteza ujasiri.

"Mwalimu, nimekuja kukiri kosa. Mimi ndiye niliyekishona kitabu hiki, na nilikishona vibaya. Mkunjo huu nimeuweka mbele ya huu. Mtoto alisoma nilichompa."

Mwalimu alikipokea kwa heshima ya mtu anayesubiri mgeni amalize aondoke. Mama Gundi alitoa kwenye kitambaa jiti jembamba la fagio, akalipitisha kwenye tundu la mdudu kuanzia nyuma. Lilipenya, likagonga karatasi nzima, likasimama. Akafungua mbele zaidi, akalipitisha tena, likapenya tena. Hakueleza sana. Mkutubi aliinama karibu, akashusha miwani, akasema taratibu, "Lahaula, ameruka."

"Mdudu haruki," alisema Mama Gundi. "Ni mimi."

Mwalimu alikaa. Alianza kusoma sura ya mapipa, akageuza, akaikuta hukumu. Alichukua nakala nyingine rafuni akailinganisha. Kisha akaomba insha, ambayo Mama Gundi alikuwa amekuja nayo, akaisoma upya na kitabu kibovu kando yake, kidole kikienda huku na huku. Ilimchukua muda mrefu. Kengele ililia, wanafunzi wakapita nje wakikimbia, hakuinua kichwa.

"Nukuu zote ni sahihi," akasema mwishoni. "Kila moja. Kwa kitabu hiki, hii ni…" Aliiacha sentensi bila nukta. "Laiti ningekifungua aliponiletea. Nitamrekebishia, mama. Akisoma nakala iliyo sawa, aandike upya, alete Jumatatu. Orodha itangoja mpaka hapo."

Mkutubi alishusha pumzi kwa niaba ya wote. Mambo yangeweza kuishia hapo, na kila mtu angeenda zake na sehemu yake ya heshima. Mama Gundi alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua.

"Ahsante, mwalimu. Kuna kingine kidogo." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na wote wawili wakalazimika kumsogelea. "Kosa la kushona nimelileta mwenyewe, na nitalifumua mwenyewe leo. Lakini ulimwambia mtoto 'ninyi mmezoea kusimuliwa.' Hilo sikulishona mimi. Siwezi kukusaidia kulifumua."

Mwalimu alitazama chaki mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyosema. Mkutubi alikuwa ametazama dirishani, na shingo yake, ambayo nayo ilikuwa ya maji ya kunde, ilikuwa imekuwa nyekundu. Mama Gundi aliwaaga wote kwa adabu, akachukua kitabu chake, akaondoka. Alipofika kwenye reli alisimama kidogo, akajifanya anangoja treni.

Yaliyofuata Ijumaa asubuhi alisimuliwa. Mwalimu Nukta aliingia darasani, akaandika ubaoni tarehe kama kawaida, kisha akasema kuna mwanafunzi alimletea kitabu akifungue, naye akakataa kukifungua kwa sababu alidhani anakijua. Alisema pia kwamba alimtamkia neno walipokuwa wawili, na kwa kuwa neno lilisemwa bila mashahidi anataka lifutwe mbele ya mashahidi. Akalirudia lote, lilivyokuwa. Kuna waliocheka upande wa dirishani. Aliwangoja wamalize, uso wake umemwiva, kisha akasema, "Lilikuwa neno la kipumbavu, na ni langu," akafungua kitabu cha mahudhurio.

"Wewe ulifanyaje?" Mama Gundi aliuliza.

"Nilitazama dawati. Nilitaka afanye hivyo, na alipofanya nikatamani aache." Binti alifikiri. "Bado sijamsamehe vizuri."

"Hujaambiwa uharakishe."

Mkutubi naye alipita mchana, akabaki mlangoni. Mwalimu mkuu alikuwa amesikia. Vitabu vya hesabu na sayansi vitakwenda kwenye mashine, ambako mikunjo haikosewi. Vya hadithi vitabaki kwa Mama Gundi, ila arobaini vya mwaka jana avikague upya, kimoja kimoja. Alisema alipigania zaidi ya hapo, akashindwa. Mama Gundi alimwambia si haba. Alipoondoka, Mama Gundi aliitazama rafu ambayo mwezi ujao ingekuwa tupu, akaipangusa vumbi.

Orodha ilibandikwa Jumatatu jioni, na jina la Maswali lilikuwamo, la saba. Lakini yeye na mama yake mkubwa hawakuikumbuka siku ile ya Jumatatu kama walivyoikumbuka Ijumaa alasiri, pale mezani.

Kitabu kilikuwa kimefumuliwa. Uzi wa buluu ulilala kando umejikunja, na mikunjo ilikuwa imepangwa upya, hukumu kwanza, mapipa baadaye. Mama Gundi alikagua tundu la mdudu kwa jiti la fagio mpaka likapenya bila kugonga. Kisha, kabla ya kushona, akamwachia Maswali rundo lile lisilo na jalada alisome kuanzia mahakamani hadi mwisho. Yeye akapaka uzi nta.

Karatasi ziligeuzwa moja moja. Mara binti akaacha kugeuza, akarudi nyuma, akahesabu kitu kwa kidole.

"Mama Mkubwa."

"Naam."

"Nilidhani sasa atakuwa hana kosa. Anajua wakati mtu amekwisha kupelekwa, hawezi kitu." Alishika fungu la kurasa lililobaki baada ya mapipa, akalipima kati ya kidole gumba na cha shahada. Lilikuwa nene. "Lakini tazama. Mtu bado yuko hai machimboni. Barua yake inafika humu, hapa, anauliza hali ya kisima. Mtoto anakua, anaolewa, mjomba anazeeka anakufa. Kurasa themanini. Na anakuja kusema leo, anapotuandikia sisi." Aliinua macho, na uso wake ulikuwa uleule wa kizingitini, wenye kiatu kimoja mguuni. "Siku zote hizo alikuwa anangoja nini?"

Mama Gundi alilipima lile fungu la kurasa kwa macho. Angeweza kutoa jibu moja au mawili. Alikuwa ameyapata njiani, karibu na reli.

"Liandike hivyohivyo," akasema, "kama ulivyoniuliza."

Akaibana mikunjo kwenye kibanio, akakaza skrubu mbili, kisha akampa binti penseli. Maswali akachora mstari wa mshazari kwenye mgongo, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, taratibu, bila kuinua mkono.